Je, Mlokole Aweza Kuigiza Mlevi?

Mhariri, naomba uniazime ukurasa mmoja au miwili nitoe ya moyoni. Najua kuna watu ambao wakiona jina langu hapo juu watafunua ukurasa harakaharaka, na wengine watasema, "Huyu naye! Si ndiye aliyetuangusha mwaka jana?" Naam, ndiye. Nimeamua kuanza na hilo kabla sijasemewa.

Kwa ninyi mliojiunga na shule juzijuzi, kisa chenyewe ni hiki. Mwaka jana Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mchezo wa kuigiza tulioutunga wenyewe, na mimi nilipewa nafasi ya baba mlevi anayeuza shamba. Si kujisifu, lakini nilikuwa naimudu. Nikiingia jukwaani nikiyumbayumba na kibuyu changu cha uji (ndiyo, ulikuwa uji wa jikoni), bwalo zima lilikuwa hoi kwa kicheko. Wiki mbili kabla ya mashindano, ndugu mmoja wa Umoja wa Wakristo, ambao hata mimi ni mwanachama wake, aliniita nyuma ya bweni. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa upole tu, "Ndugu yangu, Bwana akirudi usiku huo akukute unayumba na kibuyu mkononi, utamwambia ati ulikuwa unaigiza?"

Usiku huo sikupata lepe la usingizi. Asubuhi nikamwendea mwalimu mlezi wa chama, nikamrudishia karatasi za mchezo. Mwenzangu aliyeingizwa mahali pangu alisahau maneno katikati ya onyesho la pili, akasimama kama mlingoti, na safari yetu ikaishia papo hapo. Basi letu lilirudi kimya kama linatoka mazishini.

Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba nimeteswa kwa ajili ya imani. Likizo ilipofika nikaanza kusoma, na nia yangu ilikuwa moja: kutafuta silaha. Nilitaka siku ya kufungua shule niwamwagie watu wa drama majina ya walokole wa kale waliokataa mambo hayahaya, mpaka wanyamaze. Silaha nilizipata kweli. Taabu ni kwamba zilikuwa na makali pande zote mbili.

Tuanzie kwenye chimbuko. Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 alitumwa na shirika la CMS. Shirika hilo lilianzishwa London mwaka 1799 na Waanglikana wa kiinjili, yaani wale waliosisitiza kwamba ni lazima mtu aokoke yeye mwenyewe, aishike Biblia, na wokovu wake uonekane katika mwenendo. Miongoni mwa marafiki wa shirika hilo alikuwamo William Wilberforce, yule mbunge tunayemsoma katika somo la Historia. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini nyanya yako aliyeokoka akisikia ngoma hukunja uso, sehemu ya jibu iko Uingereza ya karne ya 18.

Huyu Wilberforce alizaliwa mjini Hull mwaka 1759. Akiwa mtoto alikaa kwa muda na ndugu ya baba yake na mkewe, watu waliopenda mahubiri ya Wamethodisti. Mama yake aliposikia mtoto anageuka mlokole, alimrudisha Hull mbio, na dawa aliyotibiwa nayo ilikuwa karamu, karata na thieta. Yaani walimpeleka thieta nusura kwa nguvu ili wokovu umtoke, kama mtu anavyopungwa pepo! Dawa ilimwingia barabara. Alipokuwa mbunge kijana alikuwa mwanachama wa vilabu vitano vya mabwana wa London, akicheza kamari na kuimba kwa sauti tamu. Kisha mwaka 1785 akaanza kugeuka, na vilabu vyote vitano akaviacha siku moja.

Miaka miwili baadaye aliandika katika shajara yake kwamba Mungu amemwekea kazi kubwa mbili: kukomesha biashara ya watumwa, na kurekebisha mienendo ya watu. Ya kwanza tunaijua, sheria ilipita mwaka 1807. Ya pili mbona hatuambiwi? Ndani yake kulikuwa na kupiga vita ulevi, kamari, kuvunja Jumapili na vitabu vichafu, na katika kitabu alichotoa mwaka 1797 aliikosoa thieta waziwazi. Nikasema moyoni, haya, huyu ni wangu! Lakini tuwe wakweli. Thieta za London siku hizo zilikuwa mahali pa ulevi, na makahaba walitafuta wateja humohumo ndani. Hakuwa anazungumza juu ya bwalo la shule na uji wa mahindi.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. John Wesley, baba wa Wamethodisti, alifungua shule huko Kingswood karibu na Bristol mwaka 1748. Wanafunzi waliamka saa kumi alfajiri, wakalala saa mbili usiku, na kati ya hapo hakukuwa na saa ya kucheza hata moja. Likizo? Haikuwepo. Nyinyi mnaonung'unikia prepu ya asubuhi, semeni asante. John Newton, aliyekuwa nahodha wa meli ya watumwa kabla ya kuwa mchungaji, naye alikerwa na "Messiah" ya Handel, kwa kuwa watu walikwenda kusikiliza mateso ya Kristo kama burudani. Mwaka 1784 na 1785 alihubiri mahubiri 50 juu ya maandiko yaliyomo katika muziki huo. Leo kwaya yetu ya Umoja hushangilia ile Haleluya yake kila Krismasi mpaka mishipa ya shingo inawatoka, na sijasikia mtu akiitwa nyuma ya bweni.

Lakini aliyenigusa kuliko wote ni Bi. Hannah More, aliyezaliwa mwaka 1745. Huyu hakuikataa thieta kutoka nje, maana alikuwa ndani kabisa. Mwigizaji mkuu wa zama hizo, David Garrick, alikuwa rafiki na mlezi wake, na mwaka 1777 mchezo wake uitwao "Percy" ulichezwa London ukapendwa sana. Garrick akafa mwaka 1779, na Bi. More akaanza kujitenga na jukwaa, akavutwa na imani ya kiinjili. Mwaka 1787 "Percy" ulirudishwa jukwaani, nafasi kubwa ikachukuliwa na Sarah Siddons, mwigizaji wa kike aliyekuwa na sifa kuu Uingereza nzima. Mtunzi mwenyewe alikataa kwenda kuutazama.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Nilijiona mimi, nimekaa bwenini usiku ule wenzangu wako mashindanoni, najifanya nasoma Kemia.

Sasa sikilizeni alichofanya baadaye. Mwaka 1795 alianza kutoa vijitabu vya bei ya senti, vyenye hadithi na mashairi ya kuimbwa, na picha za kuchongwa juu yake. Alikuwa amevikusanya vile vijitabu vya mitaani vilivyouzwa na wachuuzi, vya wezi na mapenzi na mizimu, akavichunguza vinavyomvuta msomaji, kisha akaandika vyake kwa mtindo uleule. Wachuuzi walewale ndio waliovitembeza. Katika mwaka wa kwanza peke yake vilitoka zaidi ya nakala milioni mbili. Walevi wamo humo, wacheza kamari wamo, wezi wamo, na wanasema na kutenda kama walevi na wezi, la sivyo nani angevinunua? Kwa maneno mengine, mama huyu alitoka jukwaani akaenda kuigiza sokoni. Na mwaka 1801 alipochapisha maandishi yake yote, tamthilia zake zimo! Alizitangulizia dibaji ndefu ya kueleza kwamba thieta haifai, kisha hizo hapo, someni. Nilicheka peke yangu maktabani mpaka mkutubi akanitazama.

Wala hakuwa peke yake. Wesley yule wa saa kumi alfajiri, mwaka 1781 alichukua riwaya ya Henry Brooke akaifupisha na kuichapisha ili watu wake waisome. Wilberforce uzeeni alikuwa akisomewa riwaya za Walter Scott na watu wa nyumbani mwake, akizilalamikia huku anataka kujua kilichofuata. Na rafiki yake Zachary Macaulay, mhariri wa gazeti la walokole hao, aliwahi kuchapisha barua isiyo na jina iliyosifu riwaya kwa kinywa kipana. Wasomaji wake walikasirika ajabu. Mwandishi wa barua alikuwa mwanawe mwenyewe, Thomas, kijana wa makamo yetu sisi.

Mtu atasema nawacheka wanafiki. La hasha! Siwaoni kuwa wanafiki. Naona watu waliokataza kwa sababu mbili zilizochanganyika, na wao wenyewe hawakuzitenganisha vizuri. Sababu ya kwanza ni huruma: jambo hili linamuumiza mtu au kiumbe. Ya pili ni hofu: jambo hili linafurahisha mno. Pale walipoongozwa na huruma, dunia nzima imewafuata. Pale walipoongozwa na hofu, hata wao hawakuweza kuishika sheria yao.

Chukueni mchezo wa fahali. Zamani huko Uingereza burudani mojawapo ya watu wa kawaida ilikuwa kumfunga fahali kwa kamba kwenye mti na kumwachilia mbwa wamrarue. Walokole waliunga mkono miswada ya kuuzuia iliyoletwa bungeni mwaka 1800 na 1802, ikashindwa, mpaka mwaka 1835 mchezo ule ukapigwa marufuku. Nani leo ataulilia? Lakini wakati ule mbunge William Windham aliwauliza swali ambalo bado linauma: mbona mnazuia burudani ya maskini, na matajiri wanawinda mbweha na paa kwa mbwa kila siku? Mwaka 1809 mchungaji mwenzao wa Kianglikana, Sydney Smith, aliwakejeli kwamba chama chao cha kuzuia maovu kinazuia maovu ya watu wenye kipato kidogo tu.

Swali hilo la Windham nalileta hapa shuleni bila kulipaka sukari. Katika Umoja wetu kinanda kinaruhusiwa, gitaa linaruhusiwa, na spika zinatikisa madirisha. Ngoma za isikuti zilizoletwa kwa ajili ya mchezo wetu ziliitwa za kishetani. Kwani gitaa lilizaliwa Rabai? Aliyelibatiza ni nani, na kwa nini hakubatiza ngoma siku hiyohiyo?

Najua jambo hili lina kidonda. Mwaka 1929 katika Kenya ya kati baadhi ya misheni ziliwataka waumini waape kuacha tohara ya wasichana. Watu wengi walitoka wakaenda kuanzisha shule zao, na wimbo wa ngoma uitwao muthirigu ukaenea, ukiwakejeli wamishenari na machifu, mpaka serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku mwaka 1930. Mimi nasema kwa upande wa kisu wamishenari walikuwa wameona sawa, na sheria yetu wenyewe ya mwaka 2011 inakataza ukeketaji. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo walikuwa wameweka kisu, ngoma, pombe na mavazi katika kapu moja lililoandikwa "mambo ya giza". Walipotaka kutoa kisu peke yake, nani angewaamini kwamba hawatachukua kapu zima?

Haya, tuje michezoni. Ndugu aliyeniita nyuma ya bweni (amesoma makala haya kabla yenu, kwa hiyo simsengenyi) ni nahodha wa timu yetu ya mpira wa kikapu. Mchezo huo haukutoka hewani. Chama cha YMCA kilianzishwa London mwaka 1844 na George Williams na vijana wenzake, wauzaji wa maduka ya nguo, kwa ajili ya maombi na kusoma Biblia. Mambo ya kucheza hayakuwa shabaha yao, na wengine waliyaona ni upuuzi. Polepole vijana wakataka kunyoosha viungo. Desemba 1891, katika chuo cha YMCA huko Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith, aliyekuwa amesomea theolojia, alitundika vikapu viwili vya matunda ukutani ili wanafunzi wake wapate la kufanya wakati wa baridi. Voliboli nayo ilitoka YMCA, mwaka 1895. Kile ambacho mababu wa imani yake walikiona ni kupoteza wakati, wajukuu wao ndio waliokibuni na kukieneza duniani.

Nyinyi mashabiki wa ligi ya Uingereza msidhani mmesazwa. Aston Villa ilianzishwa na vijana wa kanisa la Kimethodisti mwaka 1874, na Everton ilianza mwaka 1878 kama timu ya kanisa la Kimethodisti la St Domingo. Tena mtu aliyeongoza kampeni ya kupunguza saa za kazi viwandani alikuwa Lord Shaftesbury, mlokole wa kupindukia, aliyepinga hata majumba ya makumbusho yasifunguliwe Jumapili. Sheria ya mwaka 1850 ilikomesha kazi ya wanawake na vijana katika viwanda vya nguo saa nane mchana kila Jumamosi. Ndiyo maana mechi za Jumamosi saa tisa zilipata watazamaji. Mzee alifunga mlango wa Jumapili akafungua dirisha la Jumamosi. Wapo pia walioacha kabisa, sikatai. C. T. Studd alikuwa mchezaji wa kriketi wa timu ya Uingereza mwaka 1882, akaacha sifa zote, mwaka 1885 akaenda Uchina kuhubiri, na akafia Kongo mwaka 1931. Huyo namvulia kofia. Lakini aliacha kriketi kwa sababu alikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Mimi nilipoacha mchezo sikuwa na kazi nyingine, nilikuwa na woga tu.

Wanachama wa Kiswahili, hili la mwisho ni letu hasa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikiaje? Muyaka alitunga mwanzoni mwa karne ya 19, juu ya mapenzi, vita, njaa na siasa za mji, na alikuwa Mwislamu. Miongoni mwa waliohangaika kuyakusanya na kuyaandika alikuwamo mmishenari wa CMS, shirika lilelile la kina Wilberforce, aitwaye W. E. Taylor, akifundishwa na mjuzi wa Mombasa, Mwalimu Sikujua. Mwaka 1891 Taylor alitoa kitabu cha methali za Waswahili. Angeweza kusema haya ni mambo ya dunia, akaandika nyimbo za kanisani tu. Badala yake alikaa chini mbele ya Mwalimu Sikujua na kuuliza maana ya neno mojamoja. Diwani iliyotoka mwaka 1940 ilitokana na kazi ya watu hao wawili.

Limebaki jambo moja ambalo sikumwambia mtu mwaka jana. Yule mlevi sikumtunga kichwani. Nilikuwa namwiga baba mdogo, ndugu ya baba, ambaye aliuza kipande chake cha shamba kwa bei ya kutupa na pesa zote zikaishia kilabuni. Mama alikuja siku ya wazazi tulipouonyesha mchezo. Watu walicheka, yeye hakucheka. Wakati wa kuondoka namsindikiza langoni akaniambia, "Umemwona vizuri. Mimi sijawahi kumwona hivyo, huwa namkasirikia tu."

Kwa hiyo swali la ndugu yangu nyuma ya bweni lilikuwa zuri, ila nadhani alilishika mkia. Mimi sasa najiuliza kama nilikuwa namdhihaki baba mdogo, au nilikuwa namlilia mbele ya watu. Siku nyingine nilimdhihaki, nakiri, hasa bwalo lilipochangamka nikaongeza kuyumba kusikokuwepo. Hiyo ndiyo dhambi niliyotubu, na hakuna aliyeniuliza habari zake.

Ndugu yangu bado hakubaliani nami. Anasema mtu huanza kwa kuigiza akamalizia kwa kuzoea, na ameniahidi kuniombea. Nimemshukuru, nami nimemwomba atuazime kayamba za Umoja kwa mchezo wa mwaka huu. Amesema atauliza kamati.

Jumatano iliyopita nilikwenda mazoezini kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Wenzangu waligeuka wakanitazama, hakuna aliyesema kitu. Mwalimu mlezi akaniambia nafasi zote kubwa zimekwisha kugawanywa, na ya mlevi anayo kijana wa kidato cha tatu ambaye, kusema kweli, anayumba kuliko mimi. Iliyobaki ni ya mchungaji, mistari minne. Nimeichukua.